Sindano ya Magunia

Kaja na karatasi kutoka skuli, imekunjwa mara nne:
skafu, pete ya skafu, shati la kaki, sketi ndefu, soksi,
na chini, kwa mwandiko wa Mwalimu Haroub,
mzazi atie saini hapa.
Nikamuuliza, Ghanima, hii skuli au jeshi?
Kanambia, Baba, ni skauti.
Nikauliza bei.
Hapo tukanyamaza sote wawili.

Mimi nashona magunia kwenye kituo cha karafuu.
Ikishapimwa, mdomo wa gunia ni wangu:
sindano urefu wa kiganja, uzi wa katani,
mishono kumi na miwili, fundo, haya, lije jengine.
Mama yake kavunja kibubu cha vitumbua,
kahesabu juu ya kanga, zikapungua elfu nne.
N'likuwa nazo.
Sikuzitoa usiku ule. Nilizitoa alfajiri,
nikaziweka chini ya kikombe, nikenda zangu kazini.
Pete ya skafu tukaiachia mwakani.

Mafundo kafunzwa uwanjani. La tatu likamshinda,
kila akilivuta linateleza.
Bi Mkasi, ukili mapajani, hakuinua hata macho:
Lete.
Kalifunga, kalifungua, kalifunga tena mikono nyuma ya mgongo.
Na hili wao wanaliitaje?
Ghanima kalitaja jina la kitabuni, refu.
Sisi tunaliita fundo la mbuzi, kasema bibi,
na mbuzi hajapotea.

Disemba wakenda kambi, msitu wa Ngezi, siku tatu.
Usiku wa kwanza nikapanda baiskeli,
betri mbili za tochi mfukoni, hizo ndo sababu yangu.
Nikasimama njiani, popo wanagombana juu ya miti.
Naona moto. Nasikia vicheko,
na sauti moja inagawa zamu za kuchota maji,
wewe, na wewe, na wewe usijifiche.
Sauti ile nyumbani kwangu sijapata kuisikia.
Nikarudi na betri zangu.

Halafu msimu.
Tawi likamvunjikia Hamadi wa Bi Riziki,
kaanguka, guu limepinda pasipo kiungo.
Watu wazima tulikuwa saba pale.
Huyu anasema mnyanyueni, huyu anataka maji,
huyu kaanza dua, na mimi n'na mikono yangu tu.
Ghanima kaja mbio, kaitupa pishi, karafuu zikamwagika.
Msimguse.
Kutwambia sisi!
Vijiti viwili, skafu yake, upande wa kanga ya mpita njia,
fundo, fundo la pili, na la mwisho nikalijua:
la mbuzi.

Micheweni, nesi kalitazama lile guu, kauliza,
kafunga nani?
Tukageuka kumtafuta. Hakuja nasi.
Alikuwa kule kule chini ya mkarafuu
akiziokota zile alizozimwaga, moja moja,
maana pishi ilikuwa ya mtu.

Skafu imefuliwa mara tatu, doa limekataa.
Beji ikaja mwezi wa pili, ndogo kama biskuti.
Mpe baba yako, kasema mama yake, si yeye mshonaji?
Sindano yangu ikatoboa shati
tundu la kupita punje ya kunde.
Bi Mkasi kanipa yake, nyembamba, jicho lake silioni;
Ghanima kanitungia uzi.
Nikashona mishono kumi na miwili, kwa mazoea,
na pale pale nikataka kulifunga gunia.

Siku ya paredi wamejipanga, arubaini na ushei,
skafu juu ya mitandio, wote sare, wote sawa.
Mwenzangu kaniuliza, wako yupi?
Yule, nikasema,
beji imemwendea upande,
pete hana,
kafunga fundo.